MUULIZE FUNDI WA ALA: Kijiti cha Warusi chenye pembe ya ng'ombe

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu kijiti chenye pembe ambacho mpwa wangu aliniletea kutoka Urusi, jina lake zhaleika, nikakiita filimbi. Barua zilizokuja zimezidi zile za gitaa za mwaka mzima. Nimechagua tano. Za gitaa zisubiri kidogo, gitaa halichachi.

*

*Shikamoo fundi. Mimi nilipiga zumari kwenye harusi za Tanga miaka mingi kabla sijahamia huku kwenye biashara ya dagaa. Umesema hiyo zhaleika ni filimbi, halafu mstari wa pili ukasema ina ulimi. Filimbi haina ulimi, mzee wangu. Kipi ni kipi? Na sauti yake hasa ikoje? Maana uliandika "inalia vizuri", na hilo si jibu.*
— Mpiga zumari mstaafu, Kirumba Mwaloni

Marahaba, na umenikamata pabaya. Niliiita filimbi kwa sababu ukiishika mkononi inafanana na filimbi, na kwa sababu mhariri alikuwa ananisubiri. Mtu aliyepiga zumari hawezi kusamehe kosa hilo, na asisamehe.

Tuanze upya. Kwenye filimbi hewa inajikata kwenye ukingo wa tundu, hakuna kitu kinachopepea ila hewa yenyewe. Kwenye baragumu, siwa na tarumbeta, kinachotetemeka ni midomo ya mpulizaji. Zumari lako lina ndimi mbili zinazopigana makofi. Zhaleika ina ulimi mmoja tu, unaopiga juu ya kikao chake na kuinuka, unapiga na kuinuka, mara mamia kwa sekunde. Vijana wa bendi wanauita ridi. Klarineti nayo iko hivyo hivyo, kwa hiyo zhaleika ni ndugu yake klarineti, yule aliyebaki kijijini kulinda boma. Zumari lako ni binamu.

Na kama umekulia huku kwetu, zhaleika umeshaipuliza. Ukiwa mtoto ulikata kikonyo cha jani la mpapai, kile kilicho wazi ndani, ukakichana kidogo kwa wembe upande ulioziba, ukakitia mdomoni hadi pale palipochanwa na kupuliza. Kikalia "mbeee" hadi mama akakufukuza uani. Sasa chukua mlio huo, uuwekee bomba la mti lenye matundu ya vidole, na mwisho wa bomba uchomeke ncha ya pembe ya ng'ombe ili itanue mdomo. Hapo una zhaleika. Ya kwangu ina bomba la sentimita 20 kasoro kidogo, matundu sita juu na moja la dole gumba nyuma. Za zamani zilikuwa na matundu matatu hadi saba, na mabomba ya sentimita 10 hadi 20. Ulimi Warusi wanauita *pishchik*, jina linalotokana na neno lao la kulia kwa sauti nyembamba kama kifaranga. Waliutengeneza kwa tete, au kwa mrija wa unyoya wa bata bukini. Siku hizi wapo wanaotumia plastiki.

Sasa sauti, maana ndiyo uliyoidai. Siku ya kwanza niliipuliza uani kwangu Nyakato, saa kumi na mbili jioni. Bata wa jirani waliitika. Sitanii, waliitika wote, na yule dume akaja hadi kwenye ua kuangalia mpinzani wake yuko wapi. Ni sauti ya puani. Wale kwarara wanaopita juu ya mji alfajiri wakigombana angani unawajua? Mpe mmoja wao adabu, mfundishe kushika noti moja bila kuyumba, utakuwa umekaribia. Ina makali mbele na uwazi nyuma, kama mtu analia akiwa amejifungia chumbani ukimsikia kupitia mlangoni. Zumari lako linachoma zaidi, linapaa juu ya ngoma za harusi na kila mtu anageuka. Zhaleika haichomi hivyo. Inakwaruza, halafu chini ya mkwaruzo huo kuna unene ambao hukuutarajia kutoka kwenye kitu kifupi namna ile.

Kazi ya pembe nimeijua kwa bahati mbaya. Mwaka wa pili tangu mpwa wangu aniletee, niliisahau juu ya kigoda barazani nikaenda kuchukua chai. Niliporudi, mbwa alikuwa ameshaichomoa pembe na kuitafuna hadi katikati. Kwa mbwa ile haikuwa ala, ilikuwa kitoweo kutoka Urusi. Bomba lilisalimika. Nikalipuliza lilivyo, bila pembe, na kwa wiki tatu hadi nilipotengeneza nyingine nilikuwa nikisikiliza tofauti. Ukiziba matundu yote na kupuliza noti ya chini kabisa bila pembe, sauti ni kavu, imebanwa, kama redio ndogo yenye betri zinazoisha. Ukirudisha pembe, noti hiyo hiyo inajaa na kwenda mbali. Lakini noti za juu, zile unazopiga matundu mengi yakiwa wazi, hazibadiliki sana. Sababu ni kwamba sauti hizo zinatokea kwenye matundu yaliyo wazi karibu na ulimi, hazifiki hata huko kwenye pembe. Nimefanya kazi ya kurekebisha klarineti na tarumbeta miaka thelathini, na jambo hili nimelielewa vizuri kwa msaada wa mbwa.

*

*Mwalimu, shikamoo. Nasoma fizikia hapa Malimbe. Nina filimbi ya plastiki kama zile za shuleni, ndefu kuliko zhaleika uliyoieleza. Mbona unasema zhaleika ina sauti nene? Si bomba fupi hutoa sauti nyembamba?*
— Mwanafunzi, Malimbe

Marahaba mwanangu. Swali hili ungelijibu mwenyewe kwa shilingi chache. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, likate sentimita 20. Puliza kwenye ukingo wa juu kama unavyopuliza chupa ya soda, chini pakiwa wazi. Isikilize noti hiyo. Kisha ziba chini kwa kiganja, upulize tena. Sauti inashuka oktavu nzima, na bomba ni lile lile.

Filimbi ni bomba lililo wazi pande zote mbili, ndani yake inaenea nusu tu ya wimbi la sauti. Zhaleika upande mmoja umezibwa na ulimi. Najua utasema ulimi unafunguka, ndiyo, lakini ufa wake ni mwembamba kiasi kwamba kwa hewa iliyomo ndani ule ni ukuta. Bomba lililozibwa upande mmoja linabeba robo tu ya wimbi. Piga hesabu: sauti kwa joto letu la Mwanza inakwenda kama mita 345 kwa sekunde. Bomba la sentimita 20 lililo wazi kote, wimbi lake ni sentimita 40, mitetemo kama 860 kwa sekunde. Ukilizibia upande mmoja, wimbi ni sentimita 80, mitetemo kama 430. Hiyo iko jirani kabisa na ile La ya 440 ambayo okestra hutunia ala zake. Kwenye ala halisi namba zinasogea kidogo kwa sababu ya pembe na nafasi iliyomo ndani ya ulimi, ila hesabu ni hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo mwalimu wako atalipenda. Bomba la namna hii lenye upana ule ule toka juu hadi chini, likizibwa upande mmoja, linatoa kwa nguvu mitetemo ya kwanza, ya tatu, ya tano, na zile za shufwa, ya pili, ya nne, zinanyamaza au zinakuwa dhaifu. Ule uwazi niliomweleza mpiga zumari, wa mtu aliyejifungia chumbani, unatoka hapo. Klarineti inao kwenye noti zake za chini. Zumari halina, kwa sababu tundu lake linatanuka kama koni.

*

*Ng'wanawane, mwangaluka. Mimi ni mfugaji Magu, umri umekwenda, mjukuu ndiye anayeniandikia. Amenisomea kwamba kijiti hicho ni cha wachungaji. Wa ng'ombe au wa kanisa? Na ng'ombe wa Kirusi wanaelewa muziki? Wangu wanaelewa mluzi na fimbo tu.*
— Mfugaji, Magu

Mwangaluka, guku, yaani babu. Wa ng'ombe. Wale wengine nitawafikia kwenye barua inayofuata.

Kule ng'ombe hawalali nje kama wako. Majira ya baridi yote wanafungiwa bandani wakila majani makavu, miezi na miezi. Siku ya kuwatoa ni sherehe. Kwa desturi ilikuwa siku ya Mtakatifu Georgi, wao humwita Yegoriy, tarehe 6 Mei kwa kalenda ya sasa. Akina mama walikuwa wakiwaswaga ng'ombe kutoka uani kwa vijiti vya mti unaoota karibu na maji, vilivyobarikiwa kanisani Jumapili ya Matawi. Na mchungaji hakuwa mtoto wa nyumba kama tulivyokuwa sisi. Kijiji kizima kiliajiri mtu mmoja kwa msimu. Alfajiri anapita barabarani akipuliza, kila mama akisikia anafungua mlango, ng'ombe wanatoka mmoja mmoja hadi kundi linakamilika. Kwa hiyo ukiniuliza kama ng'ombe wanaelewa muziki, kwanza waulize akina mama.

Ila kwa kazi hiyo, ala inayotajwa zaidi si zhaleika. Ni pembe ya mbao waitayo *rozhok*, hasa ya mkoa wa Vladimir, mashariki ya Moscow. Hiyo haina ulimi, inapulizwa kwa midomo kama baragumu, lakini ina matundu ya vidole, matano juu na moja chini. Baragumu letu linatoa noti mbili tatu za kuitana. Ile inaimba wimbo mzima. Zamani walichonga mti katika vipande viwili, wakaukomba ndani, wakaviunganisha na kuvizungushia gome la *beryoza*, ule mti wa kwao wenye gome jeupe. Baadaye wakaanza kuzikereza kwa mashine. Fupi kabisa, kama sentimita 30, wanaiita jina lenye maana ya mpiga mayowe. Ndefu zinafika sentimita 80, hizo ni besi. Katika karne ya 19 mtu wa Vladimir aitwaye Nikolai Kondratyev alikusanya wapulizaji wa pembe hizi, wakubwa kwa wadogo, wakapiga kwa sauti kadhaa kama kwaya, na watu wa mjini wakalipa kiingilio kuwasikiliza wachungaji.

Nimeisikia rozhok kwenye rekodi tu, sijaishika. Sauti yake ni laini kuliko zhaleika, iko karibu na koo la mtu. Kama ningekuwa ng'ombe ningeifuata hiyo.

Guku, nilipokuwa mdogo upande wa Kisesa tulichunga kwa mluzi, na ng'ombe kiongozi alivaa kengele. Nakumbuka dume letu moja jeusi lilikuwa linajua mluzi wa kaka yangu na kuupuuza wa kwangu. Labda nalo lilikuwa na masikio ya muziki.

*

*Bwana asifiwe mwalimu. Naimba soprano na pia ni katibu wa kwaya. Vijana wetu wanataka kuingiza ala mpya kwenye albamu. Je, zhaleika inaweza kupigwa polepole chini ya waimbaji? Ni ala ya huzuni kama wanavyosema? Wanawake wanaruhusiwa? Na mzee mmoja wa kanisa anasema ala za kienyeji zina mambo yake.*
— Katibu wa kwaya, Igoma

Amina, dada. Maswali manne, nitayakimbiza.

Polepole kwa maana ya mwendo, ndiyo. Kwa sauti ndogo, hapana. Ulimi wa zhaleika unakaa mdomoni wote, au ndani ya kifuniko cha mti, midomo haiubani kama kwenye klarineti. Ukipuliza kidogo haulii, ukizidisha unapanda na kuharibu noti au unajibana na kunyamaza. Nguvu yake ni moja tu. Mpulizaji anayetaka kuonyesha hisia anatumia vidole: anadokoa noti, anatetemesha, anakata. Ikiingia kwenye albamu yenu, mwambieni fundi mitambo aisogeze mbali na maikrofoni, na waimbaji wapumzike ikilia. Na muipime na kinanda kabla, maana zhaleika moja ina ufunguo wake mmoja, na haina noti nyingi, oktavu moja na kidogo tu. Mkibadilisha ufunguo katikati ya wimbo kama mnavyopenda, mpulizaji atabaki amekaa.

Huzuni: jina lenyewe wapo wanaolihusisha na neno la Kirusi la kuhurumia au kusikitika. Lakini kwa kijiti hicho hicho wanapiga nyimbo za kuchezea, za haraka, mtu anaruka na kuchutama. Kuna pia ya mabomba mawili yaliyochomekwa kwenye pembe moja, hasa mikoa ya kusini, bomba moja linaimba na jingine linaitikia chini. Hiyo ukiisikia huwezi kukaa. Mimi naona huzuni inaletwa na ule mkwaruzo wa puani, kwa sababu mtu akilia pua huziba.

Wanawake: kwa kawaida zhaleika ilikuwa ya wanaume, kwa sababu uchungaji ulikuwa wao. Lakini mikoa ya Bryansk na Kursk kuna ala ya wanawake, inaitwa *kugikly*. Ni vijiti vya matete, viwili hadi vitano, vya urefu tofauti, vimezibwa chini, na havifungwi pamoja. Mama anavishika mkononi, anapuliza ukingoni, na katikati ya kupuliza anatoa sauti ya koo, "fiu!", hadi hujui kipi ni kijiti na kipi ni mtu. Wakipiga watatu wanne ni kama ndege wameingia kwenye shamba la mtama. Soprano wako wataiweza kuliko zhaleika, na matete hapa hatununui.

Kuhusu mzee wa kanisa. Mwambie kwa heshima kwamba hayuko peke yake. Mwaka 1648 mfalme wa Urusi, Aleksei Mikhailovich, alitoa amri ala za waigizaji na wapigaji wa mitaani zikusanywe, zivunjwe, zichomwe moto, na wanaokaidi wachapwe viboko. Vijiti vya wachungaji vilibaki, nadhani kwa sababu havikuwa na cha kupoteza: kikichomwa kimoja asubuhi, jioni mchungaji amekata kingine. Halafu mpandishe huyo mzee daladala ya Kisesa mwende Bujora, akaone kanisa na makumbusho ambayo Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliyaanzisha, na jinsi ngoma za Kisukuma zilivyopewa nafasi pale. Kama baada ya hapo bado ana neno, basi ana neno.

*

*Shikamoo babu fundi. Nina miaka 14, nasoma kidato cha pili Nansio. Nataka kutengeneza ya kwangu. Nimeshapata pembe. Nifanyeje? Babu yangu anasema nitaharibu kisu chake.*
— Mwanafunzi, Ukerewe

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako imefika pamoja na kifurushi. Nilipokifungua mke wangu alitoka nje na hakurudi jikoni hadi jioni. Pembe mbichi haisafirishwi kwa meli ndani ya mfuko wa plastiki, sawa? Lakini umenipa sababu ya kueleza kazi hii vizuri, na kwa kuwa nimeifanya mwenyewe baada ya balaa la mbwa, nakupa nilichokiona mimi.

Ndani ya pembe kuna mfupa. Ichemshe kwenye kopo la zamani, nje, mbali na nyumba na upande upepo unakoelekea. Chemsha hadi mfupa ulegee, igonge kwenye gogo, utatoka mzima. Osha kwa sabuni na majivu, anika kivulini siku kadhaa. Juani inapasuka. Kisha kata ncha hadi ukutane na uwazi wa ndani, toboa tundu liingie bomba, lisicheze.

Bomba usihangaike na mti mgumu. Najua utasikia kwamba klarineti nzuri za dunia zimetengenezwa kwa mpingo wetu wa kusini, na ni kweli, lakini mpingo utavunja keekee ya babu yako, achilia mbali kisu. Wavulana wa Kirusi walichagua miti yenye moyo laini, wakausukuma nje kwa kijiti. Wewe tumia mwanzi. Uwe na uwazi wa karibu milimita 8 hadi 10, urefu wa sentimita 20, usio na fundo katikati. Matundu usiyatoboe yote kwa siku moja. Weka kwanza ulimi, sikia noti ya chini kabisa, ndipo utoboe tundu la kwanza kutoka chini kwa msumari wa moto, dogo, upulize, ulipanue kidogo kidogo kwa msasa uliovingirishwa hadi noti ya pili ikae. Ndipo uende la tatu. Tundu likiwa dogo unaweza kulipanua. Likiwa kubwa unabaki na nta na majuto. Mimi nina mianzi minne yenye matundu makubwa. Mke wangu anaitumia kushikia nyanya bustanini.

Kazi yenyewe ni ulimi. Kata tete kavu, nyembamba kama penseli au chini ya hapo. Kipande cha urefu wa vidole vitatu, upande mmoja uache fundo lake ili pawe pameziba, upande wa pili wazi. Kwa wembe anza karibu na fundo, ingia taratibu ukichana kuelekea upande wa wazi, upate kiulimi cha sentimita mbili na nusu ambacho mzizi wake bado umeshikana na tete. Funga uzi pale kwenye mzizi. Upande wa wazi ndio unaochomekwa kwenye mwanzi kwa nta, na upande wa fundo unaingia mdomoni, kiulimi kikiwa ndani kabisa ya midomo.

Puliza. Hautalia. Wa kwanza haulii kamwe. Kama umelala na kushikamana, pitisha unywele mmoja chini yake ukae karibu na mzizi, unaachia ufa kidogo. Wazungu wenye zumari za mfuko wa ngozi nao wanafanya hivyo. Kama unalia sauti nyembamba mno, sogeza uzi ili ulimi uwe mrefu, au kwangua kidogo sana karibu na mzizi. Kama ni nene mno, kwangua nchani. Ukikosea tupa, kata mwingine. Mimi niliharibu kumi na moja kabla ya mmoja kulia, na huo ulilia siku mbili tu, ukachoka kwa mate. Ukimaliza kupiga uchomoe, ukaushe kivulini.

Na matete: usiingie majini kuyakata. Najua huko Nansio mnaogelea kila siku na mtaniona mzee mwoga, lakini kwenye matete na mafunjo ndiko konokono wa kichocho wanakokaa, na mamba nao wanapapenda. Waombe wavuvi, au tafuta yale yaliyokwisha kukatwa kwa ajili ya kuezeka na kuzungushia ua. Hayo ndiyo mazuri hasa, maana yamekauka msimu mzima. Mimi ya kwangu niliyatoa kwenye ua wa kibanda cha mama mmoja anayeuza sato wa kukaanga Nyegezi. Nilimwomba matete mawili, akanipa matano, akaniuliza ni ya dawa gani. Nikamwambia ni ya kupuliza. Akasema basi nikipata nafuu nirudi nimlipe.

Kisu cha babu yako usikitumie. Omba hela ya wembe. Pembe yako nimeichemsha, ipo juu ya bati inakauka, imetoka vizuri, ina mstari mweupe kwenye ncha. Mpwa wangu anakuja Ukerewe mwisho wa mwezi, nitampa akuletee, na ndani yake nitachomeka ndimi mbili zilizokwisha kulia, ili angalau ujue unatafuta sauti gani.